Picha Ilipotulia kwa Mama Mkwe

Hili lilimpata rafiki yangu, fundi wa antena, na asiyeamini shauri yake. Mimi chumvi natia kwenye mboga tu.

Mama mkwe wake alikuwa ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba busta ya kukuza mawimbi ya TV aliyofungiwa ni mbovu, na mkwe wake ni fundi wa mdomo. Fundi akaapa kuwa kuna mtu anayechezea nyaya, na mtu huyo si mwingine ila shemeji yake. Mchana ule akapanda darini na tochi, kulisafisha jina lake.

Mle ndani, penye tangi la maji, kiza kilikuwa totoro, na mabati yalilialia kwa jua. Akaikuta busta, na kando yake kile kiunganishi cha kukutanisha nyaya za antena mbili. Akachomoa waya wa kwanza, akapaza sauti kama wafanyavyo mafundi wote, kumuuliza mama mkwe aliyekaa mbele ya TV sebuleni.

"Vipi, mama?"

"Chenga tupu!"

Akachomoa wa pili. "Na sasa?"

"Imetulia! Kama kioo, baba!"

Shemeji akacheka huko huko sebuleni. "Leo umebahatisha, shem!"

Fundi akamulika mkono wake. Nyaya zote mbili alikuwa amezishika yeye, hakuna hata moja iliyounganishwa. Na kama shemeji yuko chini, ni nani anayekwaruza nyuma ya tangi la maji?

"Mkwe, usiguse tena!" mama mkwe akaita. "Kaa hapo hapo, usitoke!"

Fundi hakufumbua mdomo. Nyuma ya tangi, sauti yake mwenyewe ikajibu kwa adabu:

"Sitoki, mama."