Sweta la Mfumo Mrefu

Siku ile ukumbi wa benki ulijaa hadi watu wakapangwa kwenye ngazi, na Kimya, aliyekalia ncha ya benchi la mwisho, hakuwa na habari na yeyote. Alikuwa anafuma. Sindano yake yenye kulabu nchani iliingia na kutoka, ikiuvuta uzi mweupe kitanzi baada ya kitanzi, na kitambaa cha meza kilikuwa kimeshamfunika magoti. Shangazi yake alikuwa amemtuma apeleke karatasi zenye sahihi na kurudi upesi. Kwa Shangazi, upesi maana yake usiniibie muda wangu, kwa hiyo hata foleni ililazimika kuzaa safu mbili tatu.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopauka mabegani, vipande vya sufi ya mito vikiwa vimemnasa kwenye nywele. Miguuni aliweka mfuko wa turubai ambao zipu yake ilikuwa imeng'oka meno. Kimya aliichomoa sindano kidogo tu, atafute karatasi yake ya namba, na hapo hapo namba ya kijana ikaitwa. Akanyakua mfuko, akavuka ukumbi mbio mpaka dirisha la saba. Uzi wa Kimya nao ukaenda naye, umenasa kwenye zipu.

Sasa, kazi ya kulabu ina ubaya wake. Kitambaa kizima hushikiliwa na kitanzi kimoja tu, kile cha mwisho, na ukikivuta hicho vingine vyote vinafuata kwa adabu. Safu nane zilikuwa zimekwenda na maji pale mama mmoja alipopaza sauti kwenye foleni, "Kaka, unamfumua mwenzio huku." Ukumbi ulicheka. Kijana akarudi akiufuata uzi kama mtu anayetafuta alipodondosha funguo, akafika mbele ya Kimya amejiviringishia mkononi donge zima.

"Samahani, mwenye uzi," alisema. "Hiki kilikuwa nini?"

"Kitambaa cha meza."

"Na sasa?"

"Sasa ni uzi."

Kijana alicheka, lakini hakurudi dirishani. Aliiachia zamu yake ipite, akaketi, akamshikia donge huku Kimya akianza upya. Alikuwa fundi makochi, na mikono yake haikuweza kukaa na kitambaa bila kukiuliza habari zake. Alikifinya, akakivuta huku na huku, akasema hiki ni kigumu kweli, mtu angeweza kukivalisha kochi na watoto wakarukia juu miaka kumi. Basi Kimya, ambaye nyumbani siku nzima ilipita bila kusema maneno ishirini, akajikuta anaeleza. Huu ni mfumo mfupi, alisema; unavuta uzi mara moja tu na kufunga, vitanzi vinabanana, kitambaa kinasimama wima na hata mwanga haupiti. Upo na mfumo mrefu: unaizungushia sindano uzi kabla ya kuingia, safu moja inapanda juu kama tatu, na kitambaa kinalegea na kuanguka vizuri mwilini.

"Na wewe unaupenda upi?" Fundi aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kimya alisema anapenda ule mrefu, lakini dukani kwao haufumwi, na uso ukamwiva.

Duka lenyewe liko kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, ghorofa ya chini. Mbele kuna kaunta ya kioo, na nyuma ya kaunta alikaa Shangazi, amenyooka, gauni limepigwa pasi, mikononi glavu nyeupe za kufumwa. Wateja waliamini glavu zile zinatunza vidole vyake vya dhahabu. Nyuma ya Shangazi kulikuwa na pazia zito la kijani, na nyuma ya pazia chumba cha hatua nne kwa tatu, chenye taa moja, kiti cha mbao, na dirisha lenye nondo lililotazama ukuta wa jengo la pili. Humo ndimo Kimya alimokaa tangu akiwa na miaka ishirini, na sasa alikuwa na ishirini na sita.

Ukweli ni kwamba vidole vya Shangazi vilikuwa vimevimba viungoni na kupinda, na kwa miaka sita havijashika sindano. Kila shuka, kila kitambaa, kila kofia ya mtoto iliyotoka dukani ilifumwa nyuma ya pazia na kusifiwa mbele yake. Mteja akiingia, sheria ilikuwa moja: Kimya asikohoe. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyemfundisha kushika kulabu, na kila Kimya alipofikiri kuondoka aliiona ile mikono iliyopinda, mbele ya wateja, haina kitu cha kuwaonyesha. Basi alibaki. Siku nyingine alisimama dirishani kuutazama ule ukuta, kisha akarudi kitini.

Siku ile benki walikuwa wamepeana namba, na simu ya Fundi ikawa dirisha lake la pili. Ililia kwa kutetemeka ndani ya kapu la nyuzi, saa saba mchana, Shangazi alipokuwa amesinzia kwenye kaunta.

"Mwenye uzi."

"Sema polepole, Fundi."

"Nasema polepole. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula misumari. Naishikilia mdomoni, nimesahau nikaongea na wewe."

Kimya alicheka na kitambaa mdomoni asisikike. Fundi alimuuliza mara nyingi kwa nini anong'one kwenye duka la shangazi yake mwenyewe, naye akajibu kwamba kazi yake ni kuviringisha nyuzi tu, na Shangazi hapendi kelele. Siri ile haikuwa yake peke yake, ndiyo maana hata mpenzi wake hakumwambia.

Lakini alimfumia sweta. Kwa miezi mitatu, katika dakika za usingizi wa Shangazi, alichukua nyuzi za kahawia zilizobaki na kuzifuma kwa mfumo mrefu mtupu, mabega kwa kipimo cha macho yake. Lilikua haraka, laini, zito kidogo, likishuka bila ubishi. Alikuwa hajawahi kufuma kitu bila mtu kumwambia akaze. Alipompelekea, siku alipotumwa kununua uzi, Fundi alilishika kwa mikono miwili na kulipapasa safu baada ya safu.

"Hili nitalitunza," alisema mwishowe.

"Livae, Fundi. Nguo ni ya kuvaliwa."

Miezi miwili ikapita, na Kimya hakuwahi kuliona sweta mwilini mwake. Akimuuliza kwenye simu, Fundi alisema lipo, linakaa mahali pa heshima. Ndipo siku moja, tena ametumwa uzi, akapitia karakana ya Fundi bila kumwambia. Fundi alikuwa uani anapima mbao. Juu ya meza, katikati ya mikasi na gundi, lilikuwa sweta lake limekunjwa. Kimya alilikunjua, akalishika mabegani kulitazama. Mabega yalikuwa yametanuka hadi upana wa mlango. Tumbo lilikuwa limefura mbele, duara kabisa, na pindo lilining'inia karibu na magoti. Mtu alikuwa ameishi humo ndani, na mtu huyo hakuwa Fundi.

Fundi alipoingia alimkuta amelishikilia hivyo hivyo.

"Nani alikuwa analivaa hili?"

Hapo ndipo alipokosea. Badala ya kueleza, aliona pa kutania. "Usinune, kipenzi. Ni mnene kidogo, lakini mtulivu. Amekaa na mimi hapa miezi miwili, ameondoka leo asubuhi tu."

Alitarajia acheke amuulize zaidi. Kimya hakuuliza. Aliliweka sweta mezani, akatoka, na Fundi alipofika barabarani akiwa bado ana futi mkononi, umati ulikuwa umeshammeza.

Simu ilitetemeka kapuni siku tatu mfululizo. Siku ya nne Kimya aliizima. Iliingia kazi ya shuka la harusi, la mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu, na Kimya akalivamia kwa mfumo mfupi, akikaza mpaka kidole kikatoka damu. Alijiambia kwamba hivi ndivyo ilivyo. Kulegeza ndiko kulikomponza. Chumba kilikuwa kidogo kuliko jana, na kesho kingekuwa kidogo zaidi, naye angefuma humo mpaka vidole vyake vipinde vivae glavu. Wazo hilo lilimtisha hata akasimama, lakini hapakuwa na mahali pa kwenda zaidi ya dirishani.

Jumatano mchana mama wa miwani ya dhahabu alikuja kulitazama shuka lake. Alikuwa akilisifu, akimwambia Shangazi Mungu amzidishie mikono ile, mlango ulipofunguka na sauti aliyoijua Kimya ikasema hodi.

Alishika pazia, hakulifungua.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema. "Samahani. Nina sweta limeharibika, nimeambiwa hapa ndipo penye wataalamu."

"Marahaba. Lete nilione." Shangazi alilikunjua. "Limevaliwa na nani hili, baba?"

"Na kochi, mama."

Mama wa miwani aliguna. Fundi akaeleza kwa sauti ya mtu anayemweleza daktari. Alipewa zawadi na mtu anayempenda. Mikono yake ina gundi na vumbi siku nzima, akaogopa kulichafua, basi akalivalisha kochi alilokuwa akilitengeneza, kochi la mtu mmoja, lenye mgongo mpana na mto mnene, apate kuliona kila akiinua kichwa. Kochi lilipochukuliwa na mwenyewe, alilivua sweta akakuta limekuwa na umbo la kochi. "Mimi nimezoea ngozi na turubai," alisema. "Sikujua kwamba uzi huu unamfuata yeyote aliyemo ndani. Halafu badala ya kumwambia ukweli nilitania, na ameniacha. Sina raha, mama. Naomba lirudi kama lilivyokuwa."

Nyuma ya pazia Kimya alikuwa amekaa chini sakafuni. Alicheka na kulia kwa pamoja, mkono mdomoni. Ni kweli, mfumo mrefu hutanuka ukining'inizwa, hata mwanafunzi wa kazi ile anajua, na yeye aliyejua kuliko wote alikuwa ameona tumbo la mwanamke.

Mbele, Shangazi alikuwa akiligeuza sweta pole pole. Aliufikia mshono wa bega, pale uzi unapomaliziwa, na kidole cha glavu kikasimama. Uzi ulikuwa umerudishwa ndani mara tatu, jinsi ambavyo yeye mwenyewe alimfundisha mtoto mmoja tu. Alilitazama pazia.

"Unazifahamu kazi zako hata zikiharibika," mama wa miwani alisema kwa heshima. "Hili nalo ulilifuma wewe?"

Kimya aliyasikia yale maneno. Alijua jibu kabla halijatoka.

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Langu. Njoo wiki ijayo, baba."

Mashuka, Kimya alikuwa ameyatoa. Vitambaa, kofia, miaka sita, alivitoa vyote na hakuona uchungu mkubwa. Lakini hili alilifuma kwa mapenzi yake mwenyewe, na sasa lilikuwa linachukuliwa akiwa hatua moja kutoka lilipo, amekatazwa kukohoa. Alisimama, akalisukuma pazia.

"Shangazi, nisamehe. Hilo nimelifuma mimi." Kisha akamgeukia mama wa miwani. "Na hilo shuka, mama, nimelifuma mimi."

Fundi, aliyekuja akitumaini kumkuta hapa, alilitazama shuka, kisha sweta. Mama wa miwani alimtazama Kimya, kidole chake chenye plasta, kisha glavu. Shangazi hakubisha. Alizivua glavu moja moja, akaiweka mikono yake juu ya kioo mbele ya wote, iliyovimba na kupinda.

"Iliacha kazi miaka sita sasa," alisema. "Niliogopa kubaki bure." Akaiacha kaunta, akapita upande wa Kimya bila kumtazama, akaingia nyuma ya pazia.

Mama wa miwani alilikunja shuka, akamkabidhi Kimya taratibu, akasema atarudi Ijumaa, pindo aliweke kombe kombe, mawimbi mawimbi ukingoni, kama walivyokubaliana. Atarudi kwa Shangazi au kwa Kimya, hakusema.

Walipobaki wawili, Kimya alilivuta sweta kwake, akatafuta ule mwisho uliofichwa mara tatu, akaukata na kuuvuta. Safu zikaanza kufumuka. Fundi, bila kuambiwa, aliushika uzi akauviringisha mkononi.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuviringisha nyuzi tu," alisema.

"Na yako ni kutania watu."

"Nimeacha. Nikuoe, mwenye uzi? Sitanii."

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya pazia, nzito. "Mabega uyafume kwa mfumo mfupi yapate kubeba. Mwili ndio uuache mrefu." Kisha ikasema kwa kunong'ona, kama mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza, "Hapa hapaonekani kitu. Umekaaje humu mwanangu, miaka yote hii?"

Machozi yalimtoka Kimya. Aliishika pembe ya pazia, akalivuta hadi mwisho wa fimbo yake na kulifunga kwa uzi wa kahawia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, ameuelekea ukuta, mikono mapajani.

"Njoo ukae mbele, Shangazi," alimwambia, akimshika kiwiko. Kisha akamgeukia Fundi, aliyesimama na donge mkononi akisubiri. "Na wewe vuta kiti, useme na mlezi wangu. Lakini hapa hapa kwenye kaunta. Mimi sisemewi tena nikiwa nyuma ya pazia."