Viatu Mlangoni mwa Chumba cha Takwimu

Kompyuta ilikuwa imeibwa, na mwizi alikuwa amevua viatu.

Inspekta Khalfan alichutama kwenye korido ya shule akaitazama sakafu. Tufani ya vumbi iliyoikumba Doha tangu Ijumaa ilikuwa imepenya hata madirisha yaliyofungwa, ikatandaza unga mwembamba kila mahali. Nje, mtaa wote wa Al Mansoura ulikuwa umepotea ndani ya mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Hata honi za magari zilisikika kama zinatoka usingizini. Khalfan, ambaye kikohozi kilimnyima usingizi, hakuwa na hakika kama mwenyewe ameshaamka.

Lakini alama zile hazikuwa ndoto. Viatu vilikuja mpaka mlangoni. Hapo vikapangwa jozi, sambamba, karibu na ukuta. Nyayo tupu zikaingia ndani, zikatoka, viatu vikavaliwa tena.

"Mwizi mwenye adabu," alinong'ona. "Huyu mama yangu angemkaribisha kahawa."

Mama yake alizaliwa Unguja. Ndiyo maana kituoni kila kesi yenye Kiswahili ndani yake ilitupwa mezani kwake.

Mwalimu mkuu, Bi Kwamboka, hakuwa na hamu ya mzaha. "Inspekta, bodi inakaa leo saa sita. Hiyo kompyuta ndiyo iko na matokeo ya watoto wote."

"Bila hayo matokeo bodi itasoma nini?"

"Niko na jedwali moja. Niliwaonyesha walimu kwa skrini Alhamisi, kisha nikalichapisha. Alama kulingana na nchi ya mtoto. Sisi ni shule ya mkataba na serikali. Alama zikishuka, mkataba unaenda. Na watoto wa Afrika Mashariki wako chini kabisa. Bodi itaamua kama tutaendelea kuwachukua."

Alisema hayo akitazama dirishani. Hakuyapenda, ilionekana wazi. Lakini kutoyapenda hakukumzuia kuyachapisha.

Marvin, mtaalamu wa takwimu, Mkenya mwenye mvi za mapema, alikuwa ameketi ameshika kichwa. "Kulikuwa na jedwali la pili, boss. Nilimaliza Alhamisi jioni, watu wote wameshatoka."

"Linasema nini?"

"Nchi si kitu. Ni muda. Mtoto mgeni, awe Mtanzania, Msudani ama Mfilipino, mwaka wa kwanza anaanguka juu ya lugha. Ukimwacha akae, anashika. Hao Watanzania wamekaa hapa miaka wanashinda wenzao wengi, sikudanganyi."

"Nakala iko wapi?"

"Hakuna. Madam alikataza data ya watoto itoke kwa hiyo mashine. Kurudia ni wiki mbili, na bodi haiwezi kuamini mdomo wangu bila namba."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi pekee. Nilitaka kuwashangaza leo."

Khalfan aliurudia mlango. Kitasa kizima, kufuli zima. Aliingia, na viatu vyake miguuni, kama walivyoingia wafanyakazi wote siku zote.

"Chumba hiki kilikuwa cha nini zamani?"

"Cha hadithi," Bi Kwamboka alijibu. "Darasa la kwanza walikuwa wanavua viatu hapo nje, wanakaa kwa zulia."

"Nani aliwasimulia?"

"Husna. Anatoka Pemba. Leo ameomba ruhusa, kifua kinamsumbua na hili vumbi."

"Ufunguo alirudisha?"

"Hata sijawahi kumuuliza."

Khalfan alimchukua Rukia, askari wa kike, wakaenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alikoishi Husna. Gari lilitambaa katikati ya majengo yanayotokea na kuyeyuka. Moyoni alitamani akosee. Mtu anayevua viatu kabla ya kuiba humtia mpelelezi simanzi.

Husna aliwafungulia kabla hawajabisha mara ya pili.

"Karibuni. Nilijua polisi watakuja. Sikujua watakuja na Kiswahili."

"Jana Jumamosi, shule ikiwa imefungwa, ulikuwa wapi, dada Husna?"

"Hapa hapa."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi nani alivua viatu mlangoni mwa chumba cha takwimu?"

Husna aliitazama miguu yake. "Nilivua?"

"Ukavipanga."

Alicheka, kisha kicheko kikamgeuka. "Miaka yote niliyosomesha mle sikuwahi kuingia na viatu. Miguu imekwenda yenyewe."

"Kompyuta iko wapi?"

"Nimeiroweka."

Msalani kulikuwa na beseni la mashuka na povu la sabuni. Rukia alikunja mikono ya shati, akaitoa kompyuta chini kabisa, inachuruzika maji.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Alhamisi nililiona lile jedwali kwenye skrini. Watoto wangu chini kabisa, wamepangwa kwa nchi kama magunia bandarini. Hawa mabinti wa Amiri, dereva kutoka kwetu, wakitolewa pale wataenda wapi? Shule nyengine baba yao haziwezi. Nikasema bora bodi ikose cha kusoma."

"Lile lilishachapishwa," Khalfan alisema taratibu. "Lipo mezani kwao. Ulichoroweka ni cha pili." Akamweleza jedwali la Marvin, neno kwa neno, na kila neno lilimwia zito.

Husna aliketi sakafuni. "Ningemuuliza Marvin tu," alisema. "Kumuuliza tu."

Simu ya Khalfan ililia. Alisikiliza, akasema "ahsante, Bi Kwamboka," akaizima.

"Wamepiga kura?" Husna aliuliza.

"Wamepiga."

"Wanawatoa?"

"Muhula ujao. Hawapokelewi tena."

Khalfan alidhani Husna atalia. Badala yake alinyoosha mkono. "Niazime simu. Amiri asiyasikie kwa mtu mwengine."

Sheria haikuruhusu. Rukia aligeukia ukuta, na Khalfan akampa.

"Amiri, mwalimu Husna hapa. Kama unaendesha, simama kando." Alingoja. "Wanao hawakufeli. Nisikilize vizuri: hawakufeli. Aliyewatoa shule ni mimi."