Risasi Kwenye Mkeka wa Kasubi

Kila asubuhi Habibah na rafiki yake Kahambu walikwenda shule kwa miguu, wakipita kizuizi ambapo wanajeshi walikagua magari. Asubuhi moja Habibah aliona kitu cha shaba mtaroni. Ilikuwa risasi nzima. Kahambu akamsihi aitupe. Habibah akamcheka, akamwita mwoga, akaitia mfukoni.

Siku hiyo Mwalimu Santa aliwapeleka wanafunzi Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Mwongozaji wao, Mzee Ssebuufu, aliwaambia wavue viatu. Ndani ya ile nyumba kubwa ya nyasi, wasichana walikalia mkeka, miguu wameikunja upande mmoja kama desturi ilivyotaka. Mzee aliwaonyesha pazia la gome la mti uitwao mutuba, akaeleza jinsi mafundi wanavyoligonga kwa nyundo za mti mpaka lilainike. Nyuma yake, alisema, ndiko waliko wafalme, na mgeni havuki.

Mara wakaingia wanajeshi watatu na mabuti yao. Walisema wanatafuta silaha. Mmoja akaiona risasi mkekani. Habibah akapapasa mfuko wake, ulikuwa mtupu.

"Bunduki iko wapi?" mkubwa wao alimwuliza Mzee.

Mzee alisema hajui. Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, damu ikamwagika mkekani. Akapigwa teke la mbavu, akaulizwa tena. Kahambu alimtazama Habibah. Habibah akainamisha kichwa. Walipomburuta Mzee mlangoni na bunduki ikakokiwa, Habibah akasimama.

"Afande, hiyo ni yangu. Niliiokota pale kwenye kizuizi chenu."

Alizabwa kofi, akaanguka.

"Wewe nadanganya. Nani aliona?"

"Mimi," alisema Kahambu. "Ilikuwa mtaroni."

Yule mkubwa akaiokota risasi, akawageukia wenzake akiuliza nani kapoteza. Kijana mmoja akatazama chini. Mkubwa akamtukana, akamsukuma nje, wote wakaondoka.

Mwalimu Santa akampangusa Mzee damu kwa kitambaa chake cha kichwa. Habibah akapiga magoti, akaomba msamaha huku akilia.

Mzee akatema meno mawili kiganjani.

"Mjukuu wangu, umeniokoa, na Mungu akubariki," alisema. "Lakini ulijua tangu pigo la kwanza. Ukweli useme mapema, hata kama unaogopa. Ukiuchelewesha, mwingine ndiye anayeumia."

Kisha akawaomba wasichana maji, waoshe mkeka kabla damu haijakauka.