Shaba Iliyopoteza Wekundu

Mwaka ule wa 1993, asubuhi za baridi zilikuta kituo cha treni cha Kolwezi kimejaa watu kama nyumba ya matanga. Badibanga, aliyeitwa Tata kwa maana ya baba, alizaliwa Kapata, mtaa wa mji huo, akafanya kazi ya kuyeyusha shaba hadi tanuru zilipozimwa. Lakini mwaka ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa mkoani. Babu yake alitoka huko, na hilo lilitosha afukuzwe. Sasa yeye na mkewe, Kabedi, walikaa chini ya turubai wakingoja treni ya kwenda kwao wasikokujua.

Hapo turubaini Kabedi alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa mdogo kama njiwa, na miguu yake ilikuwa baridi. Kabedi alisema atampa jina siku atakapopata joto. Hakutaka kuacha jina lingine makaburini.

Badibanga alikuwa na kipande cha shaba, ukumbusho wa kazi yake. Alikitia katika mbabula, jiko lao la makaa, kikawa chekundu. Wekundu ulipofifia kabisa, alikifunga kwa kitambaa, akakiegesha miguuni pa mtoto.

Muuguzi Laurentine, aliyekuwa akizungukia wagonjwa, alinusa kitambaa kinachoungua. Akakiondoa upesi. Kisigino cha mtoto kilikuwa na alama, ila ngozi haikuchubuka.

"Tata, ulitaka kumuchoma mutoto?"

"Hapana, mama. Haikuwa tena nyekundu."

"Kule ku fonderi, ku tanuru zenu, shaba ikikuwa nyeusi, ulikuwa unaikamata na mukono?"

Badibanga alicheka kwa aibu. "Nani atafanya vile? Ilikuwa inachoma uso hata ukipita mbali."

"Ni nini ilikuwa inakufikia kule mbali?"

Miaka yote Badibanga alikihisi kitu hicho mashavuni, wala hakuwahi kuuliza.

Laurentine aliketi, akaeleza polepole. Kitu cha moto hutoa mwanga ambao jicho haliuoni, ila ngozi huuhisi kama joto. Waliosoma huuita infraruji, yaani ulio chini ya mwekundu. Hospitalini zipo taa za mwanga huo za kupashia watoto wachanga joto na kutuliza migongo inayouma. Huwekwa mbali na ngozi, kwa kipimo, na muuguzi akiangalia. Lakini umeme ulikuwa umekatika, na treni ilitazamiwa jioni.

"Basi mutoto atakufa?" Kabedi aliuliza.

"Hapana, mama. Mwili wako nao unatoa mwanga ule. Na ngozi ikigusa ngozi, joto linapita muzuri zaidi, tena haliunguzi."

Akamvua mtoto nguo, akamwachia kofia na nepi. Akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa kitenge na blanketi. Kabedi alipochoka, zamu ikawa ya Badibanga. Jirani yao Stanislas alimtania, akauliza kama atanyonyesha pia.

"Mi ni tanuru leo," Badibanga alimjibu. "Sogea, usinizibie jua."

Akafumba macho. Ilikuwa kana kwamba tanuru za zamani zimewashwa tena ndani ya mbavu zake, bila mwali, bila kelele, na mwanga wake ukimwagika mahali jicho lisipofika.

Treni ilipoondoka, miguu ya mtoto ilikuwa na joto, naye alinyonya kwa nguvu. Kabedi alitazama upande wa Kapata, alikozikwa mama yake.

"Fidélie," alimwita mtoto, kwa jina la marehemu huyo.

Upepo ulianza kuusukuma mlango wa behewa walimopanda. Badibanga alikisogeza kile kipande cha shaba kwa mguu, kikauzuia. Kilikuwa baridi, na kwa kazi hiyo kilifaa.