Dungu la Futi Sita na Nusu

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1997, saa nne na dakika ishirini asubuhi, lori lililojaa boriti za mikoko lilisimama stendi ya Ikwiriri na kuziba kibaraza ambacho Mwanawetu alikuwa ameweka cherehani yake. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita. Matope yalinuka dizeli na samaki wa kukaanga, na wapiga debe wa mabasi ya Dar es Salaam walikuwa wakigombania abiria wawili.

"We kaka wa boriti!" Mwanawetu aliita. "Umeniziba. Wateja wangu wapite wapi?"

Aliyeruka kutoka juu ya mzigo alikuwa kijana mrefu mwenye shati la mtumba, mgongoni limeandikwa jina la timu ambayo Mwanawetu hakuwahi kuisikia.

"Wateja wako namwona mmoja tu, dada, naye ni mbuzi."

"Huyo mbuzi kaleta suruali nimpunguzie. Wewe umeleta nini?"

Kijana alicheka. Jina lake Hemedy, fundi seremala wa Salale, kule delta, umri wake miaka ishirini na minane. Mwanawetu alikuwa na ishirini na minne. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na mtandio wa zambarau. Ndara zake zilikuwa zimeanikwa juu ya cherehani.

"Boriti zenyewe zinauzwa?" aliuliza.

"Zinauzwa. Bibie anajenga gesti?"

"Najenga dungu la mama yangu, bondeni."

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Watu wa bonde la Rufiji hulitumia kulinda mpunga, na mto ukifurika huhamia humo mpaka maji yapungue. Redio ilikuwa ikitangaza mvua kubwa za El Nino tangu Septemba. Dungu la Bi Maimuna, mama yake Mwanawetu, lilikuwa limeoza. Nguzo moja tu ilikuwa bado imesimama.

"Na fundi unaye?" Hemedy aliuliza.

"Nilidhani naongea naye."

Siku tatu baadaye walikuwa shambani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stendi. Kwenye ile nguzo ya zamani palikuwa na alama ya panga. Marehemu baba yake Mwanawetu aliikata mwaka 1974, mahali maji yalipofika. Hemedy alivuta tepu kutoka ardhini.

"Futi tano na inchi nne," alisema. "Sakafu tunaiweka futi sita na nusu. Maji yakirudi yale ya sabini na nne, mama utayachungulia yakipita chini yako."

"Pandisha," Bi Maimuna alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kaniki, anasimama kwa kushika kiuno.

"Mama, alama si hii hapa?"

"Naiona. Nakwambia pandisha, baba."

"Macho yanasahau, mama. Tepu haisahau."

Mwanawetu alicheka. Bi Maimuna aliwatazama wote wawili, kisha akaenda kufukuza ndege kwenye mpunga.

"Na kama tungetaka futi tisa?" Mwanawetu aliuliza, sauti chini.

"Boriti hizi hazifiki. Nitarudi Salale kukata ndefu. Kwa mvua hizi, mwezi mzima." Hemedy alikunja tepu. "Utanikumbuka?"

"Nani, mie? Nitamkumbuka mbuzi."

Hapo ndipo Mwanawetu alipokumbuka jambo jingine. Mwaka 1985, akiwa na miaka kumi na miwili, mchwa walikula mguu wa nguzo hiyo. Baba yake aliing'oa, akakata sehemu iliyooza, akaisimika upya. Mwanawetu ndiye aliyeshika ncha ya pili wakati msumeno ukipita. Kama mguu ulikatwa, basi alama nayo ilishuka. Kule Salale boriti ya mkoko hukaa kwenye tope la chumvi miaka na miaka bila mchwa kuigusa, kwa hiyo Hemedy hakuwa na sababu ya kuwaza kwamba nguzo inaweza kufupishwa na kusimikwa tena. Mwanawetu alikuwa nayo. Alifungua kinywa, akahesabu mwezi mmoja, akakifunga.

"Sita na nusu inatosha," alisema.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Hemedy alisimika nguzo nane, akatandika sakafu ya fito, akaezeka makuti. Mwanawetu alipanga vya ndani: debe lililokatwa na kujazwa mchanga liwe jiko, mitungi miwili ya maji, viberiti ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta, chumvi, unga, kamba, tenga la kuku. Mbegu ya mpunga waliitundika kwenye kenchi. Walibishana kuhusu kila kitu.

"Unatundika mbegu juu kuliko mama mkwe?"

"Nani kakwambia ni mama mkwe wako?"

"Yeye mwenyewe. Hunipa uji amenuna. Mgeni hanuniwi, mkwe ndiye hununiwa."

Baada ya kazi kwisha Hemedy alirudi mara kwa mara Ikwiriri. Akiwa Salale walizungumza kwa simu ya upepo ya ghala la kamba wa baharini. Mtunza mtambo upande wa Ikwiriri alikuwa Mshamu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikaa palepale wakati wote, na vituo vingine vya delta vilisikia vyote.

"Laazizi, umekula? Ova."

"Nimekula wali na kamba wako. Ova."

"Nimekukumbuka mpaka nimekata boriti kombo. Ova."

"Kijana," Mshamu aliingilia, "kuna watu wanasubiri kuulizia barafu."

Jumatano, tarehe 11 Februari 1998, Hemedy alifika Ikwiriri. Mwanawetu alimwambia mama yake anakwenda mjini kununua uzi. Uzi alikuwa nao. Usiku huo mto ulivuka kingo, na asubuhi njia ya bondeni haikuwepo tena. Shambani walibaki Bi Maimuna, dada yake Mwanawetu aitwaye Habiba, aliyetoka Kibiti kujifungulia kwa mama, na mtoto wake mchanga.

Maji yaliingia sakafuni Alhamisi saa tisa alasiri. Habiba alipanda kwenye kenchi na mtoto. Bi Maimuna hakuweza kupanda. Alikaa juu ya magunia ya mpunga, maji yakamfika kiunoni, akabaki hivyo siku mbili.

Hemedy na Mwanawetu walipata mtumbwi Jumamosi. Habiba alishuka kwanza. Bi Maimuna alipojaribu kusimama miguu ilikuwa imekufa ganzi. Aliteleza kati ya sakafu na mtumbwi, nyonga ikagonga ukingo wa boriti. Wengine watatu waliusikia mfupa ukivunjika.

Njia yote Hemedy alipiga kafi akitazama mbele. Mara moja tu aliuliza, "Yalifika futi ngapi?"

"Nane," Habiba alijibu. "Kwa tepu yako uliyoisahau."

Bi Maimuna alilazwa hospitali wiki saba. Alipotoka, familia ilihamia Kibiti, nyumbani kwa Habiba, mahali maji hayafiki. Daktari alisema atatembea kwa mkongojo na kwa kushikwa.

Maji yalipopungua, mwezi Mei, Hemedy alikwenda shambani peke yake, akafukua mguu wa nguzo ya zamani. Alikuta ncha iliyokatwa kwa msumeno na kupakwa lami. Alijua maana yake. Fundi anayetegemea alama hufukua kwanza, naye hakufukua. Jioni hiyohiyo alipanda mashua ya kurudi Salale bila kuaga.

Mwanawetu alipata habari kwamba Hemedy alifukua nguzo kisha akaondoka. Akaelewa kwamba amegundua, na akadhani amemkimbia yeye aliyejua na kunyamaza. Alivumilia siku tisa, siku ya kumi akaenda ghalani kwa Mshamu.

"Salale, Salale. Hemedy, unanisikia? Ova."

"Nakusikia. Mama anaendeleaje? Ova."

"Anakaa. Mbona uliondoka? Ova."

Mtambo ulikwaruza. "Nimemvunja mama yako, Mwanawetu. Alisema pandisha, nikamjibu kwa tepu. Nitamtazamaje? Ova."

"Si wewe. Ova."

"Ni nani, basi? Ova."

Mwanawetu alishika kitufe. Mshamu alikuwa mbele yake akijifanya anafuta miwani. Watu wa kituo cha Mbuchi walikuwa wanasikia, na kila kambi ya kamba ilikuwa inasikia. Aliachia kitufe bila kusema.

"Mwanawetu? Ova." Mtambo ulikwaruza tena. "Usinihurumie. Huruma ndiyo inanimaliza. Ova."

Mtambo ulipozimwa Mshamu alisema, "Mwanangu, ulikuwa na neno."

"Nilikuwa nalo."

"Kwa nini umelimeza?"

"Kwa sababu ni baya."

Mwishoni mwa Juni Mshamu alipokea barua kutoka Salale. Hemedy alimwomba awe mshenga wake. Sharti lilikuwa moja: kosa litajwe kwanza, ndipo posa itolewe. Wakikataa, ni haki yao.

Jumapili, tarehe 5 Julai 1998, saa tano asubuhi, Mshamu alikuwa amekaa kwenye mkeka nyumbani kwa Habiba, amevaa kanzu na koti. Bi Maimuna alikuwa kwenye kiti, mkongojo ubavuni. Mwanawetu alikuwa nyuma ya pazia, kama inavyopasa.

"Nimetumwa maneno mawili," Mshamu alisema. "La kwanza: Hemedy anasema nguzo ilikatwa mguu, hakufukua, akajenga chini. Nyonga yako ni kosa lake. La pili ni posa. Alitaka yaje kwa mpango huo."

"Amekuja kuoa au kuhukumiwa?"

"Nadhani hajui, Bi Maimuna."

Pazia lilivutwa. Mwanawetu alitoka, kichwa wazi, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi.

"Mama, kosa ni langu. Nilijua ilikatwa. Niliishika baba alipoikata. Nilikumbuka palepale Hemedy akipima. Boriti ndefu zilikuwa Salale, angekaa mwezi. Sikutaka aende." Alipumua. "Na sikwenda kununua uzi."

Mshamu alitazama mkeka.

"Nami nilikuwepo baba yako anaikata," Bi Maimuna alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Unadhani nilisema pandisha kwa sababu gani?"

"Mbona hukutuambia sababu, mama?"

"Nilisema mara mbili. Mlikuwa mnachekana." Hakuipandisha sauti. "Ningesema mara ya tatu. Nikaona fundi kanijibu mbele ya mwanangu, na mwanangu kacheka. Nikanyamaza kwa hasira. Hasira hiyo nililala nayo majini siku mbili, kwa hiyo naujua uzito wake."

Mwanawetu alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye goti la mguu mzima wa mama yake. Bi Maimuna hakumpapasa wala hakumsukuma.

"Mwenyewe yuko wapi?" alimuuliza Mshamu.

"Barabarani, kwenye kibanda cha chai."

"Aje. Mambo haya asisemewe na mtu."

Hemedy aliingia saa sita kasoro robo, shati jeupe limelowa mgongoni. Aliketi karibu na mlango, macho chini. Mwanawetu alimweleza yote tena, tangu msumeno hadi uzi. Hemedy alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mimi nisingekuuliza. Nilikuwa na tepu." Alikunja mkono wa shati. "Ungesema kwenye simu ya upepo, nisingekaa siku arobaini nikidhani niko peke yangu."

"Na Mbuchi nzima ikisikia?"

Mshamu alikohoa. Hemedy alikaribia kutabasamu, akajizuia kwa sababu ya Bi Maimuna.

"We kijana," Bi Maimuna alisema, "njoo uniinue."

Hemedy alisita. "Mama, si adabu. Nimekuja kuposa. Mkwe hashikwi."

"Bado hujawa mkwe. Ukishakuwa, nitamtafuta nani? Nishike leo."

Hemedy alisimama, akampa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka chini ya kiwiko chake. Bi Maimuna aliinuka. Alipiga hatua nne hadi mlangoni, akatazama nje, akageuka, akapiga hatua nne kurudi.

"Posa nimeipokea," alimwambia Mshamu. "Sasa nikalishe, baba, mguu unauma."

Hemedy alimkalisha.