Pumzi ya Bwana Kopo

Nilimdanganya shangazi yangu, na Mungu ni shahidi. Hakuna aliyenitisha. Niliambiwa ni utafiti, nami nikavimba kichwa, maana shule yangu iliishia njiani.

Ulikuwa wakati wa lile gonjwa, kila mtu kajifungia kwake. Mtafiti aliyeniajiri alitaka kujua wazee wanavyozoeana na roboti. Chuo kilifungwa, kwa hiyo maroboti yakapelekwa majumbani. Nikamtaja shangazi, mjane anayeishi peke yake. Roboti likaachwa mlangoni, limepanguswa kwa spiriti: kimo cha mtoto, uso wa kioo, kamera nyuma ya kioo. Akaambiwa linajibu lenyewe. Uongo. Nilikuwa mimi, nyumbani kwangu, mbele ya kompyuta, nabonyeza sentensi zilizoandikwa tayari, nalo linazitamka kwa sauti ya bati.

Aliliita Bwana Kopo.

"Huli, hunywi, umekuja kunichungulia tu kama mpangaji asiye na haya," aliliambia asubuhi moja huku akimenya viazi. Nilicheka peke yangu.

Mara akaacha kumenya. Akashika kifua.

"Bwana Kopo," akanong'ona. "Pumzi haiji. Niitie mtu."

Sentensi ya kuita mtu haikuwepo. Mtafiti alikuwa nami kwenye simu, akiona ninachokiona.

"Usitoke nje ya maandishi," akasema taratibu. "Utaharibu kazi yote. Huenda analijaribu tu."

Nami, mpumbavu, nikabonyeza: *Endelea, nakusikiliza.*

Shangazi akakitazama kile kioo. Akanitazama mimi.

"Unanisikiliza," akasema. "Haya, sikiliza."

Akavuta pumzi moja. Nikangoja ya pili.

Nikamkatia mtafiti simu, nikampigia jirani wa shangazi. Alipovunja mlango, kisu kilikuwa bado mkononi mwa shangazi, na mkono umeshapoa.

Tulimzika watu wachache, tumesimama mbali mbali kama wagomvi. Mtafiti alituma rambirambi, na chini yake akauliza kama rekodi ya siku ile imehifadhiwa. Sikuwa mtu wa kulaani. Siku hiyo nililaani, nikatubu, nikalaani tena.

Chuo kilikuwa bado kimefungwa, basi roboti likaletwa kwangu. Betri niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Nikalisimamisha pembeni ya sebule.

Kioo kikapata ukungu. Ukungu wa mtu aliyesogeza mdomo karibu. Nikafuta. Ukarudi. Nikafuta tena, ndipo nikaelewa kwamba uko upande wa ndani.

Unatanda. Unafifia. Unatanda.

Nikamwonyesha mtafiti kwa simu ya video.

"Unyevu tu huo," akasema.

"Unyevu unavuta pumzi?"

Akasogea karibu na kamera yake, akaangalia muda mrefu. Kisha akanong'ona, "Usiliguse. Endelea kurekodi."

Sijazungumza naye tena, na Mungu anisamehe ninayomwombea yule mtu.

Nimesali hadi sauti imekauka. Jana nilijaribu kulibeba nilitoe nje, nikaliachia. Lilipoletwa nililinyanyua kwa mkono mmoja. Sasa lina uzito wa mtu mzima, na lina joto. Joto la mtu mwenye homa.

Wewe unayenisikiliza, sikuombi uniamini. Njoo tulibebe wawili.