Kadi Zisizochanganywa

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, dada mkubwa alimwaga kadi zenye namba juu ya meza ya chakula. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya kompyuta, na mhadhiri wake alitaka wanafunzi wabuni njia za kupanga vitu, kisha wapime kazi inayotumika. Kila kadi mbili zilipolinganishwa, dada alichora mstari kwenye karatasi. Njia yenye mistari michache ndiyo bora.

Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo. Raha iliyoje! Basi akaja binamu yao kukaa nao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona, aliugua wivu.

Chiriku aliokota kadi moja moja na kuichomeka mahali pake. Binamu aligawa kadi mafungu mawili, akayagawa tena na tena, kisha akayaunganisha kwa mpangilio. Mistari yake ikawa michache mno.

"We kijana una kichwa!" dada akasema, akimpigapiga begani.

Moyo ukamwaka Chiriku. Siku zote mkono ule ulikuwa wa bega lake!

Kanuni ilikuwa kuzichanganya kadi kabla ya kila zamu. Kesho yake, binamu alipomaliza kuzipanga, Chiriku akazidaka. "Nitazichanganya mwenyewe." Akawageuzia mgongo, akazipapasa tu. Alipoanza kupanga, kila kadi ilikuwa tayari mahali pake, na mistari yake ikawa michache kuliko ya binamu.

"Makubwa haya!" dada akashangaa. "Vitabu vinasema vingine, lakini nimeona kwa macho yangu. Kesho nasimama darasani kuitetea njia ya mdogo wangu."

Chiriku alicheka hadi jino la mwisho. Binamu akamsogelea. "Hongera. Hebu nifundishe na mimi."

Lo, ungemwona Chiriku! Akajitia kuzihesabu kadi. Dada alikuwa ameshaanza kuandika kwenye kompyuta, akijisomea maneno ya kesho kwa furaha. Chiriku akawawazia wanafunzi wenzake dada wakizichanganya kadi sawasawa, kisha wakimcheka dada.

"Dada, usiandike. Sikuzichanganya."

Dada akafunga kompyuta. "Ungeniacha niaibike mbele za watu?"

"Niliona wivu. Siku hizi unamsifu yeye tu." Machozi yakamtoka.

Dada alikasirika kwelikweli. Kisha akazivuruga kadi mwenyewe, akamsukumia. "Panga." Safari hii mistari ilijaa karatasi mpaka upande wa nyuma.

"Kadi zikishapangwa, njia yoyote itapendeza," dada akasema. "Sisi tunaipima njia mambo yakivurugika. Mtu naye ndivyo anavyopimwa. Leo wivu umekuvuruga, ukadanganya; lakini umesema kweli kabla sijaumbuka, na hilo sitalisahau. Mapenzi yangu kwako hayagawanywi mafungu, mdogo wangu. Haya, sogea, binamu yako apate pa kukaa."

Chiriku akafuta machozi, akasogea.